Kemia "tupu" na miligramu 36

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, sebule nyingi husikia mazungumzo yaleyale. Kijana wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) ambaye alama zake hazikufika udaktari wala famasi anasema ameomba shahada ya kemia, au biokemia. Mjomba anaweka kikombe chini. "Kemia tupu? Ukimaliza unaitwa nani?"

Mjomba hajauliza ujinga. Daktari ana jina, mfamasia ana jina, mhandisi ana jina na bodi juu yake. Mwenye kemia tupu akikimbilia ualimu anaambiwa akasome kwanza stashahada ya uzamili ya elimu, hata kama kemia aliyosoma ni nyingi kuliko ya mwalimu atakayekaa naye ofisini. Wa biokemia ndiye anayeumia zaidi. Miaka mitatu amekesha na vimeng'enya, anajua sukari inavyovunjwa ndani ya seli hatua kwa hatua, lakini katika maabara ya hospitali hana kiti, kwa sababu baraza la wataalamu wa maabara za afya linataka waliosomea maabara za afya. Na Bodi ya Mikopo inasubiri asilimia 15 ya mshahara ambao hajaanza kuuona.

Mpaka hapo namuunga mkono mjomba. Ninapoachana naye ni anaposema kemia haina mnunuzi. Mnunuzi yupo, ila hanunui "mtu wa maabara". Ananunua namba ambayo wagombanao wataikubali.

Turudi kwenye makinikia, ule mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje kuyeyushwa. Mei 2017 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilisema makontena 277 yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam yana wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa kila tani. Kwa hesabu za kampuni ya Acacia, mwenye mzigo, wastani ulikuwa kama gramu 200. Kontena moja lina tani kama 20. Piga hesabu: kwa namba ya kampuni mzigo wote una dhahabu tani 1.1 hivi, kwa namba ya kamati unafika tani 7.8. Nchi nzima ilibishana juu ya pengo hilo, kuanzia bungeni hadi vijiwe vya kahawa.

Lakini hakuna aliyeweka makontena 277 kwenye mizani ya dhahabu. Kwa njia ya tanuru, yaani kuyeyusha sampuli kwa moto mkali ili dhahabu ijitenge, anachoweka mkemia ndani ya chungu ni unga kiasi cha gramu 30. Kama kampuni ndiyo iliyosema kweli, gramu hizo 30 zitatoa miligramu 6 za dhahabu. Kama ni kamati, zitatoa miligramu 42. Ugomvi wote, ukiushusha hadi mezani pa mkemia, ni miligramu 36, kipunje ambacho ukipiga chafya hukioni tena. Nimekaa na hesabu hii mara nyingi na bado inanishtua. Sampuli ilichotwa juu ya kontena au chini? Ilisagwa hadi ikawa laini kiasi gani? Mizani ilihakikiwa lini? Mwanafunzi wa kemia huyaona maswali hayo kero ya mwaka wa kwanza, lakini hapo bandarini kila moja lilikuwa na thamani ya mabilioni. Nani alikuwa sahihi sitasema. Kampuni ilipinga, na mwisho mambo yakamalizwa mezani na Barrick, mmiliki mkuu wa Acacia, ikazaliwa kampuni ya ubia ya Twiga ambayo serikali ina asilimia 16.

Mahindi nayo ni vilevile. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na ilipofungua tena mpaka ikadai cheti kwamba aflatoksini, mojawapo ya sumu hizo, haizidi sehemu 10 katika bilioni. Katika lori la tani 30 hiyo ni chini ya theluthi moja ya gramu. Tena sumu hiyo haisambai sawa: punje chache zenye ukungu zinaweza kubeba karibu yote, kwa hiyo anayechota vibaya anaweza kumwachia mwenye sumu na kumfilisi asiye nayo. Mkulima wa miwa wa Kilombero naye halipwi kwa uzito peke yake, utamu pia hupimwa.

Sasa nimpe mjomba haki yake ya pili, ambayo ni nzito kuliko ya kwanza. Meza za namna hii ni chache. Maabara ya mgodi haihitaji wanakemia mia. Inahitaji wachache wenye shahada, na kundi la wenye stashahada wanaozunguka shifti. Mwajiri naye analalamika kwamba mhitimu hajui mashine, na halalamiki bure. Mimi mtambo wa kromatografia, unaotenganisha kemikali zilizochanganyika ili zipimwe, niliufahamu kwa kuutazama kupitia kioo cha mlango. Miaka yote mitatu tuliambiwa unasubiri fundi.

Fundi huyo, kwa taarifa yako, naye ni ajira. Mitambo hii inauzwa, inafungwa na kutengenezwa na watu wanaolipwa vizuri, na anayeelewa kinachopita ndani yake ana faida kubwa kuliko anayejua skrubu tu. Kadhalika uagizaji wa kemikali: tangu sheria ya 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani, mwagizaji na mwenye ghala lazima wasajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na hilo ni karatasi na ukaguzi usiofanyika bila mtu anayejua asidi gani haikai jirani na nini. Ushauri ninaouchukia ni ule wa semina: "jiajiri, tengeneza sabuni ya maji". Mama wa Mbagala anachanganya salfoniki, slesi na chumvi baada ya mafunzo ya siku tatu, na wateja wake wameridhika. Kijana wa shahada akienda kushindana naye kwenye ndoo, atashindwa.

Na jina je? Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya wanakemia wataalamu, yenye baraza la kuwasajili. Kwa hiyo mwenye kemia akisajiliwa anaitwa mkemia, kisheria kabisa, na mjomba angepaswa kuambiwa.

Kwa biokemia siwezi kusema kwa uhakika huohuo. Kama moyo wako uko hospitalini, badilisha sasa uombe maabara za afya, maana kuvuka baadaye ni kurudi darasani na wadogo zako. Kama hauko huko, usiangalie Muhimbili. Angalia vinasaba kwa Mkemia Mkuu, angalia viwanda vya bia vinavyoishi kwa chachu, angalia Kibaha, ambako kuna kituo cha chanjo za mifugo na kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba kinachokuza bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu. Barua ya kuomba fildi huko iandike mwaka wa kwanza, kabla darasa zima halijagundua kwamba Kibaha si stendi tu.