Tovuti ya biashara ndogo: nani ataitunza mwaka wa tatu?

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni ya vyumba sita wilayani Pangani, ng'ambo ya mto, upande wa Ushongo. Mwezi uliopita alinipigia simu. Mgeni kutoka Ujerumani alikuwa amesimama getini na karatasi aliyoichapa kwao, inayosema chumba ni dola 35 pamoja na kifungua kinywa. Bei hiyo ilikuwa ya 2019. "Mwanangu, hii karatasi kaitoa wapi?" aliniuliza. Alikuwa ameitoa kwenye tovuti ya shangazi mwenyewe, ambayo shangazi alishasahau kama ipo.

Jioni ile niliifungua kwenye simu. Juu kabisa ilikuwapo ofa ya Krismasi ya 2019. Chini yake, maelekezo ya kutuma malipo ya awali kwa Tigo Pesa, jina lililoondoka mwishoni mwa 2024 kampuni ilipojiita Yas na huduma yake ya fedha kuwa Mixx by Yas. Namba ya simu ilikuwa ya laini aliyokwisha kuipoteza. Bei zote ziliandikwa kwa dola, ilhali kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza na kutoza kwa fedha za kigeni bidhaa na huduma za hapa nchini. Ukurasa wa safari za boti kwenda Unguja ulisema hakuna gharama nyingine zaidi ya nauli, wakati tangu Oktoba 1, 2024 mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya dola 44. Moja moja ni makosa madogo. Yakijumlishwa yanamfanya mwenye nyumba aonekane tapeli, na shangazi yangu si tapeli.

Swali alilonitupia baada ya mgeni kutulizwa ndilo ninalotaka kulipima hapa, kwa sababu naliulizwa karibu kila wiki na watu wenye biashara za kiasi hicho: tuitengeneze upya na kuitunza, au tuifute tubaki na WhatsApp na Instagram?

Wanaosema ifutwe wana hoja nzito, na sisi tunaotengeneza tovuti huwa tunazipuuza haraka mno. Fundi cherehani wa Tandika hahitaji tovuti. Mteja wake anaona gauni kwenye status ya WhatsApp, anauliza bei, anatuma vipimo kwa ujumbe wa sauti, analipia kwa Lipa Namba, bodaboda anapeleka mzigo. Biashara nzima imo ndani ya simu moja, na simu hiyo anaishika kila siku, kwa hiyo habari zake ni za leo. Tangu mwaka 2019 WhatsApp Business inampa hata katalogi ya bidhaa, bure. Akijiorodhesha kwenye ramani ya Google anapata mahali, saa za kazi, picha na maoni ya wateja bila kulipa senti. Kumwambia mtu huyo atafute domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, alipie sava, yaani kompyuta inayoihifadhi, na asasishe programu ni kumpa kazi ya pili isiyomwingizia chochote.

Tena utunzaji wenyewe si jambo jepesi kama tunavyoliuza. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na nyingi za biashara ndogo za huku kwetu zimo humo. WordPress inakwenda na plagini, yaani programu ndogo za kuongezea: moja ya fomu ya kuweka nafasi, moja ya picha, moja ya ramani, kila moja imeandikwa na mtu tofauti, na wengine walishaacha kuzihudumia. Usiposasisha, mlango unabaki wazi. Ukisasisha, kimoja kinaweza kugombana na kingine ukaamka unakuta ukurasa mweupe hauna hata neno. Lugha ya PHP inayoendesha haya yote nayo ina umri wake: toleo la 7.4 liliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022, na sava nyingi zilipohama kwenda matoleo mapya, tovuti zilizojengwa kwa sura za zamani zilianguka. Mafundi wanaosema "inafanya kazi, usiiguse" wana sababu. Wameshavunja tovuti ya mtu usiku wa Jumamosi, wakalala saa kumi alfajiri wakiirudisha.

Lakini kutoigusa nako kuna bei yake. Nilipoandika jina la nyumba ya shangazi kwenye Google, chini ya jina lake yalitokea maandishi ya Kijapani. Mistari na mistari. Huu ni udukuzi unaojulikana sana: mtu anaingia kupitia plagini iliyozeeka, anapanda mamia ya kurasa za Kijapani za kuuza bidhaa bandia za majina makubwa, anatumia sifa ya domeni yako kuwavuta wanunuzi. Ukifungua ukurasa wa mbele huoni kitu, kila kitu kiko vilevile. Shangazi hakujua, na mgeni anayetafuta malazi Pangani angeona duka la saa feki penye jina lake. Fomu yake ya kuweka nafasi ilikuwa pia inaomba namba ya pasipoti. Namba hizo zilikaa miaka kwenye tovuti yenye mlango wazi, na sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo haiulizi kama biashara yako ni kubwa au ndogo kabla ya kukutaka utunze taarifa za watu.

Mpaka hapo mizani inaelekea upande wa kufuta. Kinachonizuia ni suala la nani mwenye mali.

Mitandao ya kijamii ni nyumba ya kupanga. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja takriban saa sita, na muuzaji asiye na mahali pengine popote alifungiwa duka jioni ya Jumatatu. Uganda, Facebook ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi na ikakaa imefungwa kwa miaka. Google nayo ilikuwa ikiwapa wenye biashara tovuti ndogo za bure zilizounganishwa na orodha yao ya ramani. Machi 2024 ikazizima zote. Waliokuwa wamechapisha anwani hizo kwenye kadi na vibao wakabaki na kadi na vibao. Achilia mbali akaunti zinazoibwa. Namfahamu muuza vitenge aliyejenga wafuasi kwa miaka mitano kwenye mtandao mmoja, akabonyeza kiungo cha uongo mara moja, akapoteza vyote, na barua zake za malalamiko hazikujibiwa na binadamu.

Nisizidishe, hata hivyo. Intaneti ilipozimwa Tanzania kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, tovuti ya mtu haikumsaidia mteja wa Tanga hata kidogo. Ilichosaidia ni kwamba iliyokaa kwenye sava ya nje iliendelea kusomeka Ulaya, mgeni akaona mahali, picha na utaratibu, ijapokuwa barua pepe yake ilisubiri majibu siku kadhaa. Kwa nyumba ya wageni hilo ni jambo. Kwa fundi cherehani si kitu.

Tofauti naiona hapo, na ndiyo hukumu yangu: kinachoamua ni mteja anafanya uamuzi akiwa wapi, ukubwa wa biashara hauamui. Anayekuja dukani, au anayekujua kupitia mtu, haihitaji tovuti yako. Anayekaa mbali, asiyekujua, anayetaka kutuma pesa kabla ya kukuona, huyo anatafuta dalili kwamba upo kweli, na ukurasa wa Instagram wenye picha za machweo haumtoshi. Mwongoza wageni wa Moshi, muuza viungo anayesafirisha nje, nyumba ya wageni ng'ambo ya mto ambako kufika kunategemea kivuko: hao wawe na tovuti, na waitunze.

Waitunzeje sasa, wakati hawana mtu wa kompyuta? Wapunguze vitu vinavyozeeka. Ofa za sikukuu, blogu yenye makala mbili, kalenda ya nafasi, fomu ya pasipoti, vyote hivyo vinataka mlezi. Ukurasa mmoja wa kawaida, usio na hifadhidata wala plagini, wenye jina, picha halisi, ramani, namba ya simu na maelezo ya kufika, unaweza kukaa miaka bila kudukuliwa kwa sababu karibu hauna pa kuingilia. Cha kubadilisha ni maneno tu.

Kuhusu bei, nimebishana na wengi. Wanasema usiziweke, hazitazeeka. Ni kweli hazitazeeka, ila mteja aliyechoshwa na "bei njoo inbox" ataondoka kimyakimya na hutajua kama alikuja. Mimi nasema ziandike, kwa shilingi, na mbele yake andika ni za hadi lini. Tarehe ikipita, hata mgeni mwenyewe ataona kwamba aulize kwanza. Yule Mjerumani asingekasirika kama karatasi yake ingekuwa na maneno "hadi Desemba 2019".

Kilichobaki ndicho kinachoniuma zaidi, maana nimekuwa pande zote mbili. Tovuti ya shangazi ilitengenezwa na kijana mmoja aliyekuja kufanya kazi msimu mmoja. Alisajili domeni kwa barua pepe yake mwenyewe. Nywila alikuwa nazo yeye. Akahama mji, akabadilisha namba. Watu humwita mwizi kijana wa namna hiyo, na wapo kweli wanaoshikilia domeni ili walipwe. Wengi lakini si wezi. Walilipwa laki tatu mara moja, kisha miaka mitatu wakapigiwa simu kila Jumapili warekebishe hiki na kile bure, na walipotaja ada ya mwaka wakaambiwa kazi si walishamaliza? Aliyejengewa tovuti bila mkataba wa matunzo hakudanganywa na fundi peke yake. Wote wawili walijifanya kwamba kazi inaishia siku ya kukabidhiana.

Domeni ya .com ni kama dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Ikiisha muda unapewa wiki chache za kulipa kawaida, baadaye kipindi cha siku 30 cha kuikomboa kwa faini kubwa, halafu inaachiwa, na wapo wanaozivizia ili waweke kurasa za kamari juu ya jina lako. Barua za kukumbusha zinakwenda kwa aliyesajili. Kwa shangazi zilikuwa zikienda kwa kijana, na kwa bahati kadi yake ya benki ilikuwa inaendelea kukatwa bila yeye kukumbuka ni ya nini.

Tulimpata kupitia mama yake. Alishtuka, akaomba radhi, akahamisha kila kitu siku ileile. Nikamrudishia fedha zake za miaka yote kutoka kwa shangazi. Kurasa za Kijapani tulizifuta, tukaomba Google iipitie upya, na yote yaliyokuwamo tukayaondoa isipokuwa ukurasa mmoja: picha sita, ramani, saa za kivuko zenye ombi la kupiga simu kwanza, bei kwa shilingi hadi Juni. Nimeweka kengele kwenye simu yake, tarehe mosi, kila baada ya miezi mitatu, imwambie aufungue ukurasa huo na kuusoma kama mgeni.

Nywila na jina la aliyemsajilia domeni nilimwandikia kwenye karatasi. Akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na leseni ya biashara na hati ya kiwanja, akaurudisha chini ya godoro.