Msumeno mdogo usibebeshwe baa ndefu

Juzi nilimsikia muuzaji wa misumeno ya mnyororo akimshauri mteja achukue baa ya inchi 20, yaani bamba la chuma ambalo mnyororo hulizunguka, kwa mashine yenye injini ya cc 40, kwa hoja kwamba tofauti ya bei ni ndogo na kwamba siku atakapokutana na gogo kubwa hatajuta. Mteja alikuwa ameeleza waziwazi kwamba kazi yake ni kukata kuni za nyumbani. Ushauri huo umenikera kwa sababu nimeusikia mara nyingi mno, na wanaoulipia gharama ni watu ambao hawaambiwi kamwe kwa nini msumeno wao mpya ni mzito, unakata kwa shida na unawaka joto kabla kazi haijafika nusu.

Kinachokula nguvu ya injini ni meno yaliyomo ndani ya mti kwa wakati mmoja. Katika mnyororo wa kawaida wa inchi 3/8 (kipimo cha viungo vyake, si cha umbali wa meno), jino moja hukaa umbali wa milimita 38 hivi kutoka kwa lile linalolifuata, kwa hiyo gogo la sentimita 20 huwa linakatwa na meno matano, ilhali gogo la sentimita 50 huwa limeyameza meno 13. Kila jino linachimba, linang'oa randa lake na kulibeba hadi upande wa pili, na nguvu ya kufanya hivyo inatoka katika injini ileile. Baa ndefu ni ruhusa ya kuzamisha meno 13 mahali ambapo injini ina uwezo wa kuendesha manane, na mtu aliyekwisha kuilipia ruhusa hiyo ataitumia.

Hapo ndipo madhara yanapoanza, na ningependa kila mwenye msumeno ayaelewe. Injini hizi za mipigo miwili huzunguka mara 12,000 hadi 14,000 kwa dakika zikiwa hazina mzigo, na nguvu yake ya juu kabisa hupatikana karibu na mizunguko 9,000 au 10,000. Baa ikizama yote katika mti mgumu, mizunguko hushuka chini ya kiwango hicho, na kadiri inavyoshuka ndivyo nguvu inavyozidi kupungua, kwa hiyo mkataji hujikuta anaukandamiza msumeno ili uendelee kula mti, jambo ambalo huongeza mzigo uleule uliouzidi nguvu. Wakati huohuo feni inayopoza silinda imo kwenye flaiwili, gurudumu zito la injini, na huzunguka pamoja na injini. Mizunguko ikipungua, upepo nao unapungua, ilhali mafuta yanaendelea kuchomwa kwa triga iliyobanwa hadi mwisho. Joto linakosa pa kwenda. Kisha mnyororo unasimama ndani ya mti huku injini ikiendelea kunguruma, maana yake ni kwamba viatu vya klachi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye mnyororo, vinateleza juu ya ngoma yake na kuiunguza, na harufu yake husikika vizuri tu kwa anayetaka kuisikia. Pampu ya oili nayo imepimwa kwa ajili ya baa fupi. Oili inayotosha kulainisha inchi 14 inafika nchani mwa baa ya inchi 20 ikiwa imekwisha, na ndiyo maana baa hizo hugeuka rangi ya samawati karibu na ncha, mnyororo ukalegea kila baada ya muda mfupi na meno yakapoteza makali yake. Mwenye shaka aelekeze ncha ya msumeno unaozunguka kwenye ubao wenye rangi nyeupe, bila kuugusa: ikiwa mstari wa oili hauonekani, jibu analo.

Ni kweli kwamba katika gogo jembamba baa ndefu haiongezi meno ndani ya mti, na anayekata matawi ya sentimita 15 kwa baa ya inchi 20 hataiua injini yake. Nalikubali hilo, lakini bado anazungusha mnyororo mzito zaidi unaosuguana na mfereji mrefu zaidi wa baa, anabeba uzito mkononi kwa saa nzima, na akifika wakati wa kunoa anapitisha tupa kwenye meno 36 badala ya 28 au pungufu. Vilevile ncha hiyo ndefu inatokeza nyuma ya gogo, mahali asipopaona. Kazi ya kuni hufanyika kwenye rundo, gogo juu ya gogo, na ncha inayotokeza hugusa gogo la nyuma au udongo. Ikigusa udongo, makali yamekwisha. Ikigusa gogo kwa robo yake ya juu, msumeno unaruka kumrudia mkataji usoni kwa kasi inayoushinda mwitikio wa mkono wowote, na breki ya mnyororo, ambayo naithamini sana, isichukuliwe kuwa ruhusa ya kuicheza hatari hiyo. Jambo hili linanigusa kuliko yote mengine niliyoandika hapa, kwa sababu klachi huuzwa dukani na uso hauuzwi.

Ikiwa mtu ananiuliza nambari, nampa hizi. Mashine ya cc 35 hadi 40 ifungwe baa ya inchi 14, na inchi 16 iwe mwisho wake. Mashine ya cc 50 inastarehe kwa inchi 16 na inaivumilia inchi 18. Ya cc 60 inabeba 18 hadi 20, na kuanzia cc 70 kwenda juu ndipo inchi 20 zinapokuwa kazi nyepesi na baa ndefu zaidi zinapoanza kuwa na maana. Kwa mti mgumu uliokauka, ninashuka hatua moja. Hata hivyo cc peke yake haitoshi, kwa kuwa misumeno miwili ya cc 50 inaweza kutofautiana kwa zaidi ya nusu kilowati, mmoja ukitoa 2.4 na mwingine karibu 3, na huo wa pili ndio unaostahili inchi 18. Asomaye kitabu cha mashine yake na kukuta urefu wa juu unaoruhusiwa akumbuke kwamba huo ni mpaka uliowekwa na mtengenezaji. Kukaa juu ya mpaka kila siku si matumizi ya kawaida. Mnyororo wenye meno yaliyorukwa, yaani uliowekwa meno machache kwa nafasi kubwa zaidi, husaidia baa ndefu kwa kupunguza meno ndani ya mti, lakini haujatengenezwa kwa ajili ya kuficha injini ndogo. Kuhusu misumeno ya betri hesabu ni ileile, isipokuwa kinachokwisha mapema ni chaji.

Wapo wanaosema kwamba baa ndefu huwaepusha na kuinama wanapokata magogo yaliyolala chini. Wana haki kwa kiasi fulani, hasa wenye maumivu ya mgongo na mashine yenye nguvu inayolingana na baa hiyo. Kwa wengine, miguu miwili ya mbao iliyofungwa kwa umbo la msalaba, gogo likawekwa juu yake, inaunyanyua mti hadi kiunoni na kuiondoa ncha kwenye udongo kwa wakati mmoja.

Lakini vipi kuhusu lile gogo kubwa ambalo muuzaji alimtishia nalo mteja wake? Baa ya inchi 16, ambayo ni sentimita 40 hivi, hukata gogo lenye kipenyo cha karibu sentimita 80 kwa kuingia upande mmoja, kisha upande wa pili, huku kabari ya plastiki ikiwa imechomekwa kwenye mkato ili usijifunge. Kazi hiyo inahitaji subira na mnyororo ulionolewa vizuri, na injini ipewe nafasi ya kupanda mizunguko yake kati ya mkato na mkato. Gogo linalozidi hapo haliji kila msimu kwa mtu wa kuni za nyumbani, na likija linastahili mashine ya cc 70 ya kuazimwa au kukodiwa kwa siku moja, pamoja na mtu anayeifahamu.