Chakula cha Lubumbashi: tukinunue, lakini tuulize kimelimwa wapi

Bei ya mfuko wa unga ikipanda Lubumbashi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, hoja mbili huzuka kabla bukari (ugali) haujapoa. Wa kwanza anasema Zambia imetushika koo, tulime vyetu. Wa pili anajibu kwamba siasa haijazi sufuria, malori yaachwe yapite Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wote wawili wana sababu zao. Kinachonisumbua ni kwamba wanazungumza juu ya chakula cha hapa kama kwamba unga, lengalenga (mchicha), samaki na bowa (uyoga) vinafika mjini kwa njia moja na vinatuletea faida ileile.

Tuanze na unga, maana ndio unaokula mshahara. Mji huu ulizaliwa ukila mahindi ya kusini. Reli iliyotoka Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo) ilifika hapa mwaka 1910, wakati mji unaitwa Élisabethville, na Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, ikawa inanunua unga huko ili kulisha wachimbaji wake. Gécamines, kampuni ya serikali, iliporithi migodi iliendelea kugawa mposho, na baba mwenye kazi hakuwa na haja ya jembe. Kisha uzalishaji wa shaba ukaporomoka, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Bustani nyingi tunazoziona leo kandokando ya vijito na mashamba ya nje ya mji yametokana na njaa ya miaka ile, si na mahubiri ya mtu yeyote kuhusu kula vya nyumbani.

Wanaodai tujitegemee walipata ushahidi wao mwaka 2024. Tarehe 29 Februari, Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa la Zambia. Karibu hekta milioni 1 za mahindi, kati ya milioni 2.2 zilizopandwa, zilikuwa zimeharibika. Serikali yake ikabana mahindi yasitoke, jambo ambalo serikali yoyote ingefanya. Huku kwetu, mji wenye watu zaidi ya milioni 2 ukawa unangojea mvua ya nchi nyingine. Hoja hiyo ni nzito, na wanaoidharau kwa kusema soko litajirekebisha huwa hawaulizi ni nani anayelala njaa wakati soko linajirekebisha.

Hata hivyo, kulima kwa amri tumeshakujaribu. Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga, kati ya 2007 na 2015, alizitaka kampuni za madini zilime hekta 500 kila moja. Zipo zilizolima, zipo zilizolima ili zionekane zimelima, na unga wa Zambia haukuondoka sokoni. Siku hizi tunaelekezwa macho Kaniama-Kasese, ambako Service national, idara ya serikali ya huduma kwa taifa, inalima mahindi kwa nguvu za vijana waliotolewa mitaani. Ni mahindi ya Kongo, sawa, lakini yapo zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, na Kasumbalesa haifiki hata kilomita 100. Udongo wetu mwekundu una asidi. Bila mbolea, hekta moja ni nadra kutoa tani moja ya mahindi, na mbolea yenyewe inavuka mpaka uleule tunaotaka kuukwepa. Ongeza barabara za msimu wa mvua na vizuizi ambapo kila mwenye kofia anataka chake, utaelewa kwa nini mkulima wa Mitwaba anaweza kuwa na ghala limejaa na mfuko wake usishindane na ule uliotoka Chingola, Zambia. Ndiyo maana siungi mkono kufunga mpaka ili kumlinda. Atakayelipa ni mama wa mtaa wa Katuba hapa mjini, na mkulima atabaki na barabara yake mbovu.

Kwenye mboga mizani inageuka. Hapa chakula cha karibu kina faida ambayo haihitaji kutetewa: lengalenga, matembele na sombe (kisamvu) vilivyochumwa alfajiri vinafika sokoni kabla jua halijakaza, na majani hupoteza vitamini haraka, hasa vitamini C, kadiri yanavyokaa. Bei ni ya chini, na fedha inabaki kwa mwanamke aliyelima. Ningeweza kuishia hapo, kama wanavyoishia wengi wanaosifu vya nyumbani, lau si udongo wa mji huu.

Tanuru la shaba lilianza kuyeyusha mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wa lile bomba refu ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki kuelekea upande wa Penga Penga, ukiacha shaba, kobalti, zinki na kadimiamu juu ya ardhi. Mito kama Naviundu na Kafubu nayo imepimwa ikakutwa na metali hizo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti ilikuwa katika viwango vya juu sana kwa raia wa kawaida kuliko karibu popote duniani palipowahi kupimwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa watu wazima wa maeneo yaliyochafuka sehemu kubwa huingia kwa chakula, mboga zikiwa mbele. Kwa watoto vumbi pia lina mchango wake. Na tusijidanganye kwamba haya ni ya zamani: Novemba 2025 maji ya kampuni moja ya madini yalimwagika katika mitaa ya mji huu.

Mtu anaweza kuniambia kwamba basi tuache mboga za hapa. Hapana. Anayeacha lengalenga bila kuwa na kitu cha kuweka mahali pake anabadilisha hatari ya polepole kwa upungufu wa damu wa mwezi huu. Isitoshe, bustani hazifanani. Ulizeni mambo mawili: imelimwa wapi, na imemwagiliwa maji gani. Wamama wengi katika masoko ya hapa mjini, la Kenya au la Mzee Kabila, wanajua vizuri mzigo wao umetoka upande gani, na mteja wa kila siku hujibiwa ukweli kuliko mpita njia. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, ulizeni kwa ukali zaidi, kwa sababu bustani nyingi huwa mabondeni zikinyweshwa maji ya vijito, na vumbi liko juu. Kuosha kwa maji mengi kunaondoa vumbi lililokaa juu ya jani, lakini hakuondoi kilichopandishwa na mizizi. Majani ndiyo yanayokusanya zaidi. Nyanya, maharage na mahindi hukusanya kidogo. Kwa hiyo kama bustani unaitilia shaka, chukua nyanya uache majani. Mwenye kiwanja chake anaweza kupunguza tatizo kwa chokaa na mbolea ya kuku, maana udongo ukipungua asidi, mmea hauvuti metali kwa urahisi.

Ila ni aibu kumwachia mama mwenye beseni kichwani kazi ya kuwa maabara. Chuo kikuu kina wataalamu wa udongo, na komini (serikali za mitaa ya mji) zinajua kukusanya kodi ya meza sokoni hadi franka ya mwisho. Sehemu ya kodi hiyo ingetosha kupima mabonde na kubandika matokeo pale pale sokoni.

Samaki sitawazungumzia sana: wa Kasenga na ziwa Mweru, mbichi au wa kukaushwa kwa moshi, kwa ladha anamshinda tomsoni, samaki wa baharini anayeletwa akiwa kwenye barafu, lakini kwa bei tomsoni bado anashinda. Bowa ni habari nyingine. Kuanzia Novemba wanauzwa kando ya barabara za Likasi na Kasenga, wengine wakubwa kama mwavuli, na hakuna aliyewawekea mbolea wala dawa. Aina nyingi zinaishi kwa kushikamana na mizizi ya miti ya miombo, na miti hiyo ndiyo tunayoichoma makala (mkaa) ili kuwapikia. Ni chakula cha kwetu kabisa, na kila mwaka barabara ya kukifuata inarefuka.

Kuhusu unga, kuna njia moja ninayoiona inafaa bila kungoja serikali. Mahindi ya huku huvunwa kuanzia Aprili. Mei na Juni bei inalala, na kufikia Desemba imeamka vibaya. Familia chache zenye likelemba (mchezo wa kuchangishana fedha kwa zamu) zinaweza kutumia zamu moja kununua punje mwezi wa sita, moja kwa moja kutoka kwa malori yanayoingia mjini, kisha kusaga kidogo kidogo mtaani. Punje zikauke vizuri kabla ya kuingia mfukoni, maana zikihifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu, na panya pia wanajua njia. Ugumu mkubwa zaidi nimeambiwa na waliojaribu: ndugu wakisikia kwako kuna mifuko kumi, kumi haifiki Oktoba.