Ripon na Bujagali si maporomoko yale yale

Makala yenu inasema bwawa la Bujagali, nchini Uganda, ndilo lililozamisha maporomoko ya Ripon, jambo ambalo si sahihi. Maporomoko ya Ripon, ambako mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliyashuhudia mwaka 1862 maji ya Ziwa Victoria yakitoka na kuwa Mto Nile, yalipotea mwaka 1954 kwa sababu ya bwawa la Owen Falls. (Sisi wa Moshi tunakula perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu bila kuuliza kilichozama chini yake, basi nisiwalaumu sana.) Ya Bujagali, yaliyo chini zaidi mtoni, yalifunikwa mwishoni mwa 2011, nayo ndiyo Wasoga, wenyeji wa eneo hilo, waliyoyaheshimu kuwa makao ya mzimu Budhagaali.