Jumamosi ya Tatu, Njoo na Gambuti

Mtu akitaka kujiunga na klabu yetu ya huduma hapa Kisumu, swali lake la kwanza huwa lile lile: "Nyinyi huwa mnafanya miradi gani?" Anatarajia nimtajie kisima, darasa, au ile hundi kubwa ya kadibodi ambayo watu sita huishika kwa pamoja wakipigwa picha. Mimi humwambia kwamba tunakutana Jumatano ya kwanza na ya tatu, saa kumi na moja na nusu jioni, na kwamba Jumamosi ya tatu ni ya kazi za mikono, kwa hivyo aje na gambuti. Wengi hujibu, "Sawa, nitakujulisha," na habari huishia hapo.

Sisikitiki. Kwa maoni yangu, klabu ya huduma ina kitu kimoja tu cha kuwapa watu ambacho hawakipati kwa mwanasiasa wala kwa kampuni inayojitafutia jina: kurudi. Mwezi ujao itarudi, na mwezi utakaofuata pia. Hivyo vingine vyote, pesa zikiwemo, kuna wengi wanaotuzidi.

Klabu kongwe zilielewa jambo hili mapema. Rotary ilianza Chicago mwaka 1905, na kwa miaka mingi sharti lilikuwa kukutana kila wiki. Ukikosa mkutano wa klabu yako, ulitakiwa uhudhurie wa klabu nyingine ufidie. Ni mwaka 2016 tu ndipo sheria zao zilipolegezwa, klabu ikaruhusiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi. Lions, walioanza 1917, waliombwa na Helen Keller mwaka 1925 wayachukue mapambano dhidi ya upofu yawe yao. Miaka mia imepita na bado wako kwenye macho. Wangeweza kuhamia jambo jingine lenye mvuto kila walipobadilisha rais wa klabu, na marais wa klabu hubadilika kila mwaka. Hawakuhama.

Wala sisi si wageni wa nidhamu hii. Harambee zetu ni za siku moja, hilo nakubali: hema, mgeni wa heshima, bahasha, mchele na nyama, kisha kila mtu kwake. Lakini angalia chama cha kuchangiana pesa cha akina mama wa soko la Kibuye. Mwanachama akichelewa anatozwa faini, akikosa anatuma mtu, na zamu ya kila mmoja inajulikana tangu Januari. Hakuna anayehitaji kubembelezwa. Watu hao hao ukiwaingiza katika klabu ya kujitolea, ghafla kila Jumamosi kuna matanga. Ndiyo maana naunga mkono faini yetu ya shilingi hamsini kwa mchelewaji, ingawa kuna wanaoiona ya kitoto. Ni pesa kidogo, lakini kusimama mbele ya wenzako na kuitoa kunauma vya kutosha.

Hoja yangu inaonekana waziwazi zaidi kwenye damu. Tarehe 14 Juni ni Siku ya Wachangiaji Damu Duniani, na siku hiyo utaona mahema, spika na mabango. Vizuri. Ila chembe nyekundu za damu hukaa kwenye jokofu wiki 5 au 6 hivi, na zile za kugandisha damu hudumu siku 5 tu. Damu ya Juni, hata ikijaa namna gani, haimfikii mama anayevuja damu baada ya kujifungua mwishoni mwa Agosti. Na Agosti ndio mwezi wenyewe wa shida, kwa sababu kwa miaka mingi nchi hii imetegemea sana wanafunzi wa sekondari kuchangia damu, nao wakati huo wako likizoni. Aprili ni hivyo hivyo, Desemba ni hivyo hivyo. Malaria nayo haina likizo. Huku kwetu kando ya ziwa mtoto anaweza kuishiwa damu kwa malaria ndani ya siku chache, na wapo watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao huongezewa damu mara kwa mara. Damu ikikosekana, jamaa huambiwa watafute watu wa kuchangia. Utamkuta mzee amesimama nje ya wodi, simu mkononi, akipigia wapwa zake mmoja mmoja.

Kwa hivyo sisi Juni tumewaachia wenye mahema. Siku zetu za damu ni Aprili, Agosti na Desemba. Mpangilio huo unamfaa pia mchangiaji, maana mwanamume huruhusiwa kutoa tena baada ya miezi 3 na mwanamke baada ya miezi 4. Aliyetoa Aprili anaweza kurudi Agosti.

Wauguzi wa kituo cha damu cha kanda huja na vitanda, mifuko na masanduku ya barafu. Yaliyobaki ni yetu: viti, meza, kivuli, soda, biskuti, na mdomo. Mchangiaji anapimwa uzito, asipungue kilo 50. Anaulizwa umri, kati ya miaka 16 na 65. Kisha anatobolewa kidole. Tone lake la damu linaangushwa kwenye kikombe cha maji ya buluu, yaani salfeti ya shaba. Likizama upesi, damu ina nguvu ya kutosha. Likisitasita juu, anaambiwa kwa upole arudi nyumbani akale osuga (mnavu) na maini, aje safari nyingine. Hapo watu hujazana. Nimeona vijana wa boda boda waliokuja kumsindikiza mwenzao tu wakipanga foleni ili nao waone tone lao litafanyaje, mmoja akipiga kelele, "Yangu imezama kama jiwe!" Tangazo la aina hiyo hulipati kwa bango.

Kazi ngumu iko kwenye kiti cha pembeni, karibu na wale wanaoondoka bila kutoa. Wengi wao hawaogopi sindano. Wanaogopa majibu, kwa kuwa kila chupa hupimwa Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Mwanachama anayeweza kukaa na mtu kama huyo dakika kumi, akamsikiliza bila kumhubiria, ana faida kuliko watano wanaogawa soda. Halafu kuna kazi ambayo hakuna anayeigombania, ya simu. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mtu mmoja hushika rejista akampigia kila aliyetoa mara ya mwisho. "Habari ya siku, mama. Ile miezi minne imeisha." Si zaidi ya hapo. Na rejista hiyo haipigwi picha ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp, tafadhali. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na hata kama isingekuwepo, jina la mtu na nambari yake si mapambo.

Kwenye macho, kurudi ndiyo tiba yenyewe. Operesheni ya mtoto wa jicho ni fupi, mara nyingi haifiki nusu saa, na magharibi ya Kenya tuna bahati ya kuwa na hospitali kama ile ya macho ya Sabatia, kule Vihiga. Daktari hana haja ya msaada wetu. Anayetuhitaji ni nyanya wa kijijini ambaye mwanawe yuko Nairobi na mkwewe ana mtoto mgongoni. Lazima mtu amfuate, ambebee mkoba, alale karibu au arudi kesho yake bandeji inapotolewa. Mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Mjukuu wangu, kesho ni wewe utakuja ama watatuma mwingine?" Nikamwambia, "Ni mimi, nyanya." Akasema basi atapanda kitandani. Baada ya hapo kuna matone ya dawa ya wiki kadhaa, na hapa ndipo klabu nyingi hupotea, kwa kuwa picha imeshapigwa. Ukienda nyumbani kwake unaweza kukuta chupa imewekwa juu ya kabati, haijafunguliwa, inasubiri jicho liume.

Kazi ya kuzibua mitaro sitaieleza sana. Mtaa wa Nyalenda una udongo mweusi usionyonya maji, Mto Auji hufurika, na mtaro uliozibuliwa Februari unaziba tena Aprili kwa karatasi na magunzi ya mahindi. Unazibua tena. Kuna anayeuliza kwa nini tufanye kazi ya kaunti. Jibu langu ni kwamba tuifanye tukiwa na barua ya kaunti mkononi, iliyotiwa sahihi, inayosema lori la taka litakuja saa ngapi. Taka iliyopakuliwa kando ya mtaro ikaachwa hapo itarudi mtaroni na mvua ya kwanza.

Miti nayo hivyo hivyo. Serikali ilitupa sikukuu ya kupanda miti Novemba 13, 2023, na nyingine Mei 10, 2024, na lengo ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Sina ugomvi na lengo. Ninachouliza ni nani yuko kwenye orodha ya zamu ya kumwagilia Januari, jua likiwaka, na ni nani anayejuana na mwenye mbuzi wa jirani. Klabu isiyo na majibu hayo mawili ipande michache.

Sasa nyuma ya yote haya kuna watu ambao hawaonekani Jumamosi. Katibu anaandika kumbukumbu usiku ule ule, kabla hatujaanza kubishana nani alisema nini. Mweka hazina wetu hatoi senti bila risiti, hata ya glavu. Amelaumiwa sana, na namtetea hadharani. Mtunza stoo anajua jembe lipi lina mpini uliolegea. Siku hizi vikundi vya aina yetu huandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, na karatasi hizo zinataka katiba, viongozi waliochaguliwa na hesabu zinazosomeka. Mtu akiniambia amejitolea, napenda kujua kama amewahi kukubali kuwa katibu.

Uchaguzi wa 2027 nao unakaribia, na wageni wa heshima wameanza kuchipuka. Mmoja alitaka kutuletea reki na toroli, ilimradi ziandikwe jina lake. Tulizikataa. Waliosema tumekataa mali ya bure hawajawahi kujaribu kuzibua mtaro katika mtaa wa mpinzani wake wakiwa na toroli lenye jina lake.

Penye ubishi mkubwa kati yangu na wenzangu ni Krismasi. Desturi ni kwenda makao ya watoto na unga, mafuta ya kupikia, sukari na keki, watoto wakatuimbia, tukapiga picha, tukaondoka saa tisa. Mimi nataka tuache. Tangu 2017 serikali imesimamisha usajili wa makao mapya, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe na familia, si katika taasisi. Wengi wa watoto wale wana mzazi au jamaa aliye hai. Kilichowaleta hapo ni umaskini. Unga wetu wa Desemba unasaidia kuwaweka mbali na nyumbani, na mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila wikendi ya Desemba anajifunza jambo baya kuhusu watu wazima. Pesa zile zile zinaweza kumlipia shangazi ada na sare, amrudishe mtoto, na mwanachama mmoja akapita pale kila mwezi kuuliza hali. Haina keki. Wenzangu wananiambia nawanyima watoto furaha, nami nawajibu kwamba furaha ya saa tatu kwa mwaka ni yetu zaidi kuliko yao.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipuuza, nalo ni la nauli. Ni rahisi kwangu mwenye mshahara kusifu kurudi kila mwezi. Kijana wa Manyatta asiye na kazi akipanda boda boda hadi Dunga na kurudi, ametumia pesa ya chakula cha siku nzima, na akifanya hivyo mara tatu mama yake atamuuliza anafuata nini huko. Wazee wa klabu wanasema ukilipa nauli umeua moyo wa kujitolea. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayeuua ni yule anayetaka nguvu za kijana bure kisha anatumia maelfu kuchapisha tisheti za siku moja. Nauli ilipwe kwa asiye na kipato, iandikwe, na chai iwepo saa nne, yenye maziwa, na mandazi.

Nimeandika hoja hiyo, "Nauli kabla ya tisheti", nikampa katibu kwa ajili ya mkutano mkuu wa Julai. Inahitaji waungaji mkono wawili na tayari ninao. Mmoja ni mweka hazina, ambaye ameweka sharti: kila boda boda itoe risiti. Bado tunajadiliana.