Mwanafunzi wa Gereji Anamdai Fundi Wake

Mwaka 2009 zamu ya chama cha kuchangiana pesa ilipomfikia mama, hakununua godoro kama alivyokuwa amepanga. Alihesabu shilingi 8,000, akazifunga kwenye pindo la leso, tukatembea kutoka Kaptembwa hadi gereji moja ya Industrial Area, Nakuru, akamkabidhi fundi wa bodi. "Huyu ni wako sasa," alimwambia. Mzee akaweka pesa mfukoni, akanionyesha ndoo.

Miezi minne iliyofuata nilichota maji, nikatumwa chai na mandazi, nikasugua msasa mpaka vidole vikapoteza alama, na usiku nililala ndani ya magari ya wateja ili betri zisiibiwe. Siku ile mama aliponiacha hakuna kilichoandikwa. Hakuna aliyesema nitafundishwa nini, kwa muda gani, wala nani atalipa hospitali nikiumia.

Mwaka 2016 nilikuwa Ujerumani. Nilikuwa nimekuja kwa mwaka wa kujitolea katika nyumba ya wazee, nikajifunza lugha, kisha karakana moja karibu na Kassel ikakubali kunichukua kama mwanafunzi wa ukarabati wa bodi. Nilipewa mkataba nikausoma kwa kidole, neno kwa neno, nikitafuta mahali palipoandikwa ada. Sikupaona. Nikamuuliza mwenye karakana, "Nitakulipa kiasi gani?" Hakuelewa swali. Ikabidi nilirudie mara tatu. Alipoelewa, aligeuza karatasi akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja: yeye ndiye angenilipa mimi, kila mwezi, kwa miaka mitatu na nusu, na kiasi kingepanda kila mwaka.

Naandika haya kwa sababu tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji na kazi jijini Berlin, Septemba 2024, simu yangu haitulii. Vijana wa Nakuru, wa Kondele, wa Kakamega, hata jamaa wa Busia ambao sijawahi kuonana nao, wote wanauliza njia ya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi ya Kijerumani. Nawajibu mmoja mmoja. Jifunze Kijerumani kwanza, usimpe wakala pesa kabla hujaona mkataba, na kadhalika. Lakini kuna jambo ambalo hakuna anayeniuliza, nalo ndilo linaloniuma: ni nini hasa kilicho katika mafunzo haya ambacho hatuwezi kuwa nacho nyumbani?

Wengi hudhani ni mashine. Mashine zipo, tena nzuri. Ila kilichonibadilisha mimi ni kwamba huku fundi ana deni kwa mwanafunzi, na deni hilo limeandikwa. Sheria inamtaka anipe vifaa na malighafi bure. Inamkataza kunipa kazi isiyo ya mafunzo au inayozidi nguvu zangu. Tangu 2020 kuna hata kima cha chini cha malipo ya mwanafunzi. Mwaka huo kilianzia euro 515 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Na si kila mwenye nyundo anaruhusiwa kufundisha. Mtihani wa kuwa Meister, yaani fundi mkuu, una sehemu nne, na sehemu moja nzima ni ya namna ya kumlea mwanafunzi kazini. Mtu anaweza kuwa hodari wa kunyoosha chesisi na bado akaanguka hapo.

Nyumbani deni lote liko upande wa mtoto. Amelipa ada, anaamka kwanza, analala mwisho, akiharibu bampa atalipishwa, na siku akijua kazi ataambiwa hana shukrani.

Sitaki mtu aseme nimekuja Ulaya nikadharau mkono ulionilea. Mzee wangu alikuwa fundi wa kweli. Alinifundisha kusikia bati. Unashika doli, kile kipande cha chuma kizito cha kuegemeza, kwa ndani ya madigadi, unapiga nyundo kwa nje, nyepesi, ukiachia kifundo cha mkono. Nyundo ikikutana na doli, sauti inalia kama kengele ndogo. Ikikosa, bati linatoa mlio mfu. Mzee alikuwa akikaa juu ya jeki ameshika kikombe cha chai, amenipa mgongo, na bado anajua nimekosa. "Rudia hapo, kijana." Kisha anakuja, anatandika kitambaa chembamba juu ya bati, anapitisha kiganja polepole kutoka mwanzo wa mkono hadi ncha za vidole, amefumba macho. Kitambaa hupunguza msuguano, kiganja kinapata wimbi ambalo jicho halioni. Pale pale kidole chake kinasimama. Nikiangalia mimi, naona bati limenyooka. Nikiweka mkono, kweli, kuna bonde la unene wa kadi ya simu.

Miaka mingi baadaye, katika karakana ya mafunzo ya baraza la mafundi la mkoa, mwalimu alitugawia kila mmoja madigadi iliyobonyea. Wenzangu walikuwa vijana wazuri, wepesi wa kompyuta, lakini mikono yao ilikuwa haijazoea. Huku saa za fundi za kunyoosha mara nyingi ni ghali kuliko sehemu mpya, kwa hiyo bima hulipia kubadilisha, na kijana anaweza kukaa mwaka mzima akifungua na kufunga bolti bila kunyoosha kitu cha maana. Mimi nilitandika kitambaa, nikafumba macho. Mwalimu alisimama nyuma yangu muda mrefu. Mwisho akaniomba niwaonyeshe darasa zima. Siku hiyo nilimpigia Mzee simu nikiwa stesheni ya treni, nikamwambia, "Mzee, leo umefundisha Wajerumani." Alicheka mpaka akakohoa.

Kukohoa kule kunanirudisha kwenye jambo zito. Mafundi wa rangi wa Nakuru hupiga rangi alfajiri. Wanasema jina la mji wetu latokana na Kimaasai, mahali pa vumbi, na upepo wa mchana unalithibitisha: ukipiga klia, ile rangi angavu ya mwisho, saa nane, jioni gari lina chembe kama limemwagiwa mchanga. Kwa hiyo saa kumi na mbili unamwaga maji chini ili udongo utulie, unawasha kompresa, unafanya haraka. Ni akili nzuri ya kazi. Lakini puani tulifunga leso tu, na baada ya kazi Mzee alitununulia maziwa, pakiti moja moja, "yasafishe kifua". Aliyanunua kwa upendo, kutoka mfukoni mwake. Maziwa hushuka tumboni. Hayafiki kwenye mapafu. Rangi na klia zinazochanganywa na kikaushio zina kemikali ziitwazo isosianati, na kifua kikishazikataa, pumu inaweza kukuandama maisha yako yote. Hilo nilifundishwa huku kabla sijaruhusiwa kushika bunduki ya rangi. Nilikuwa na mwenzangu pale gereji, mdogo wangu kwa miaka miwili, mkono wake kwenye rangi ulikuwa mzuri kuliko wetu sote. Alianza kupumua kwa mluzi. Akarudi kwao Molo na hakushika bunduki tena. Nilipokuwa darasani nikisikiliza somo lile la isosianati, nilikuwa naona uso wake.

Kuna somo jingine lililoninyima usingizi. Magari ya siku hizi yana vyuma vya aina nyingi katika bodi moja. Nguzo ya kati, ile iliyo baina ya mlango wa mbele na wa nyuma, mara nyingi ni chuma kigumu kupita kiasi kilichopashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani. Ugumu huo ndio unaomlinda abiria akigongwa ubavuni. Ukiipasha kwa gesi mpaka iwe nyekundu ili uinyooshe, itanyooka vizuri, utaipaka fila na rangi, itang'aa, na itakuwa imelainika. Kwa nje hakuna atakayejua. Sisi tulifanya hivyo. Mimi mwenyewe nilishika mrija wa gesi. Namkumbuka mama mmoja wa Shabab aliyekuwa akibeba watoto wa majirani kwenda shule kwa gari tulilolitengeneza. Alitushukuru, akatuletea soda.

Mzee hakuwa mzembe. Alijifunzia kwenye magari ya miaka ya themanini, ambayo bati lake lilivumilia moto. Hakuna aliyekuja kumwambia kwamba chuma kimebadilika. Na Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, maana yake chuma hicho cha kisasa kimeshafika zamani, kinavutwa kila wiki kutoka kwenye ajali za Salgaa na Sachangwan na kushushwa mbele ya vijana ambao hawajui kinachowatazama. Mikono wanayo. Wanachonyimwa ni sababu. Huku kila nilipofanya jambo, fundi mkuu aliniuliza kwa nini, na nisipojua alinirudisha kwenye kitabu kabla ya kunirudisha kwenye gari.

Upande wa Mzee nao lazima usemwe. Alinieleza mwenyewe, siku ambayo mwanafunzi wake wa zamani alifungua gereji ng'ambo ya barabara na kuondoka na wateja watatu: "Nikimpa yote, nitakula nini?" Analipa kodi ya uwanja, analipa kibali cha kaunti, kazi ya bima anaimaliza na pesa inakaa miezi. Halafu mimi nikiumwa alinipa dawa. Baba alipofariki, Mzee alikuja mazishini na mchango mkononi, akashika jembe kaburini. Fundi wangu wa Ujerumani alinitendea haki zote zilizoandikwa, na hajawahi kuuliza jina la mama yangu. Kwa hiyo sisemi tuchukue mfumo wa Wajerumani tuupandikize Nakuru kama mche wa kahawa. Nasema yale ambayo Mzee aliyafanya kwa moyo yasibaki kutegemea moyo peke yake.

Na hatuanzi mikono mitupu. Sheria yetu ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, inao mkataba wa mwanafunzi wa kazi, tena wa kusajiliwa. Waajiri waliosajiliwa hukatwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, zinakwenda NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. NITA hiyo ina kituo Kisumu na hutoa mitihani ya daraja la tatu hadi la kwanza, ambayo hata kijana asiye na cheti cha shule anaweza kuifanya. Vyote hivi vipo, lakini havijavuka barabara kuingia kwenye uwanja wa jua kali, ambako ndiko vijana wetu wengi wanajifunzia. Kampuni kubwa inayomfundisha mfanyakazi inaweza kurudishiwa gharama. Mzee anayefundisha watoto sita kwa miaka ishirini hajawahi kurudishiwa hata bei ya msasa. Ningekuwa na neno mbele ya kaunti, ningeomba hili: mwanafunzi wake akipita mtihani, Mzee alipwe. Mlipeni kwa kufundisha, na ile hofu ya gereji ya ng'ambo itapungua nusu. Kampuni za bima nazo zichangie, kwa kuwa gari lililonyooshwa ovyo hurudi kwao likiwa na majeruhi ndani.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani wiki tatu. Nilienda gereji na kumkuta Mzee, ndevu nyeupe, na vijana wanne. Kulikuwa na Probox iliyopigwa mbele, tayari imeng'olewa boneti, wanajiandaa kuivuta kwa mnyororo kwa kukadiria. Nikawaomba wasubiri. Tulikwenda kwa fundi wa madirisha jirani, akatukatia bomba la mraba la mita moja na nusu, akatuwekea vishale viwili vya bolti iliyochongwa, vinavyoteleza na kukazwa. Shilingi 900. Tukapima kutoka bolti ya shokabsoba ya kushoto hadi tundu la fremu la mbele kulia, kisha kinyume chake. Katika magari mengi vipimo hivyo viwili vinapaswa kuwa sawa. Vilipishana milimita 14. Kwa macho gari lilionekana limepinda upande mmoja. Kipimo kilionyesha upande mwingine. Mzee akashika kile chuma, akapima mwenyewe mara mbili bila kusema neno, akasogeza mnyororo.

Nilimwachia kijana mdogo kuliko wote daftari la kurasa mia mbili. Huku kila mwanafunzi huandika kila wiki alichofanya na alichojifunza, fundi husoma na kutia sahihi, na bila daftari hilo mtihani hukubaliwi. Nilimwambia aandike tu, kwa Kiswahili, kwa mchoro, vyovyote, na Jumamosi anitumie picha.

Picha ya kwanza ilikuwa mistari miwili. Ya juzi ilijaza ukurasa. Ameandika kipimo cha kushoto na cha kulia, amechora nguzo ya kati na kuizungushia duara, pembeni ameweka: "Hapa hatujachoma. Tumemwambia mwenye gari atafute nguzo nzima, amekasirika, ameenda, amerudi." Chini kabisa, kwa kalamu tofauti, herufi zikiyumba kama za mtu asiyezoea kuandika, kuna sahihi ya Mzee.