Ukuta Mbichi Haupakwi Rangi

Naishi Hull, mji wa bandari ulioko mashariki mwa Uingereza, na huu ni mwaka wangu wa 12 tangu niondoke Tanga. Katika muda huo nyumba mbili zilizo karibu na moyo wangu zimeharibika: hii ninayoishi, kwa bomba lililopasuka, na ya mama yangu kule Ngamiani, mjini Tanga, ambayo kwanza iliingiwa na maji ya masika na miaka miwili baadaye ikaungua upande wa jikoni. Ndugu na marafiki huniuliza ni wapi mtu hupata nafuu anapofikwa na balaa la namna hii, huko au huku, nao hutarajia niwaambie kwamba Ulaya kila jambo lina utaratibu wake. Sitasema hivyo. Ninachokiamini baada ya kuyapitia yote ni kwamba sisi watu wa pwani ni hodari sana wa kuokoa watu na vyombo, lakini nyumba yenyewe hatuiokoi. Tunaisitiri kwa lipu na rangi, na sisi tulioko nje ndio tunaotuma fedha za kuisitiria.

Nianze na bomba. Ilikuwa Februari, baridi imeshuka chini ya nyuzi sifuri kwa siku kadhaa, na bomba lililopita darini likaganda. Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na bomba lisipokuwa na pa kupumulia hupasuka; barafu ikiyeyuka ndipo mwenye nyumba anapoliona alilolalia. Niliporudi kutoka kazini alasiri, dari la jipsamu la chumba cha kulala lilikuwa limeanguka juu ya kitanda na maji yanashuka ngazini. Nilifunga koki kuu, nikazima umeme kwenye meinswichi kabla ya kukanyaga chumba kingine chochote, kisha nikaipigia simu kampuni ya bima.

Kesho yake alikuja fundi ambaye kazi yake ni moja tu, kukausha nyumba. Hakubeba lipu wala rangi. Alibeba kipimo cha unyevu chenye sindano mbili, akapima kuta zote, hata za vyumba ambavyo mimi niliviona vikavu, akaandika kila namba katika fomu. Aling'oa zulia na jamvi la sponji lililokuwa chini yake, akakata jipsamu ya ukutani hadi kimo cha kama mita moja, akafungua mbao za sakafu ili hewa ipite chini, kisha akaweka feni kubwa pamoja na mashine zinazofyonza unyevu kutoka hewani na kuumwaga kwenye ndoo. Mashine hizo ziliunguruma usiku na mchana kwa siku 26. Baada ya wiki moja nilizigusa kuta kwa kiganja nikaona zimekauka, nikamwomba aziondoe ili nianze kupaka rangi, kwa kuwa nilichoka kuishi katika nyumba iliyo uchi. Alinionesha kipimo. Uso wa ukuta ulikuwa mkavu kweli, lakini ndani yake bado ulikuwa umelowa. Alinieleza kwa upole kwamba ukuta unaofungwa ukiwa hivyo huota kuvu, na kwamba kuvu inaweza kuanza kujitokeza ndani ya siku 1 au 2 tu pale penye unyevu na joto.

Wenyeji wa Hull hawakuzaliwa na subira hiyo. Sehemu kubwa ya mji huu iko chini ya usawa wa bahari inapojaa, na mwezi wa Juni 2007 mvua ilizidi nguvu ya mifereji, nyumba zaidi ya 8,000 zikaharibika. Majirani zangu wazee wanakumbuka familia zilizoishi katika nyumba za magurudumu mbele ya nyumba zao wenyewe, baadhi kwa zaidi ya mwaka, na wanakumbuka pia nyumba zilizotengenezwa haraka haraka zikalazimika kubomolewa lipu mara ya pili kwa sababu hazikukaushwa sawasawa. Walijifunza kwa kupata hasara, kama anavyojifunza kila mtu.

Ni vyema pia nieleze habari ya bima, maana nyumbani watu hudhani kwamba Wazungu hukata bima kwa sababu ya busara. Wengi hukata kwa sababu wamelazimishwa: benki haikopeshi mtu fedha za kununua nyumba mpaka jengo liwe na bima. Na bima hiyo hailipi kila kitu. Kuna kiasi cha mwanzo ambacho mwenye nyumba hukilipa mwenyewe, na bomba linalovuja kidogo kidogo kwa miezi mara nyingi halilipwi kabisa, kwa kuwa mwenye nyumba huhesabiwa kuwa alipaswa kuliona.

Sasa twende Ngamiani. Mwaka ule wa mafuriko, mvua ilinyesha usiku kucha, mtaro wa barabara ulikuwa umejaa mchanga na takataka, na kabla ya adhana ya alfajiri maji yalikuwa yamefika kimo cha goti sebuleni. Mama alikuwa na dada yangu na wajukuu watatu. Mpaka leo mambo yaliyofuata hunifanya nione fahari ya kuzaliwa pale. Kabla mimi sijapata habari, vijana wa mtaa walikuwa wamekwisha kuibeba friji, kabati la vyombo na masanduku ya mama kuyapeleka kwa jirani mwenye baraza ya juu. Watoto walikuwa wamekwisha kunywa uji katika nyumba ya tatu. Na Bi mkubwa wa nyumba ya pili alikuwa amemkataza mama asiingie majini, akamkalisha kitandani kwake. Hakuna kitu kilichoibwa, hata kijiko. Daftari la michango lilianza kupita siku hiyo hiyo. Mama alilala kwa Bi mkubwa usiku 19, wala hakuna aliyemuuliza ataondoka lini.

Mimi Hull nililala hotelini. Chumba kililipiwa na bima, kilikuwa kisafi na chenye joto, na katika majuma manne watu pekee walioniuliza habari za nyumba yangu ni wale waliotaka fomu. Jirani wa mlango wa pili, mtu mwema, alinipa pole siku ya kwanza, na hakurudi tena kwa sababu katika desturi yake kurudi kungekuwa ni kuniingilia. Nilikuwa nikirudi jioni nikakaa ukingoni mwa kitanda nikiorodhesha vitu vilivyoharibika pamoja na bei na mwaka wa kununuliwa, na niliandika "Msahafu wa baba" nikashindwa kuujazia bei. (Kwa wenye haja: fundi yule ndiye aliyenishauri niufunge katika mfuko wa nailoni na kuuweka kwenye friza. Karatasi iliyolowa ikigandishwa haioti kuvu, na mtu hupata muda wa kutafuta namna ya kuikausha taratibu. Hati za nyumba na vyeti vilivyolowa vinaweza kuhifadhiwa hivyo hivyo, hata katika friza ya muuza samaki.)

Lakini maji yalipotoka katika nyumba ya mama, tulifanya kosa, na nasema "tulifanya" kwa sababu kosa lenyewe nililigharimia mimi. Idi ilikuwa imebaki wiki mbili. Nilitaka mama apokee wageni katika nyumba inayopendeza, na nilitaka nione picha yake kwenye simu. Nikatuma fedha. Fundi mwashi alibandua lipu iliyovimba, akapiga nyingine ya saruji juu ya tofali zilizolowa, na siku ya tisa ikapakwa rangi ya mafuta ya kijani hafifu. Picha ilikuja nzuri, nami nikalala usingizi mtamu. Miezi mitano baadaye rangi ilikuwa imetoka malengelenge, ukuta unatoa chumvi nyeupe kama unga, nyuma ya kabati pameota kuvu nyeusi, na mjukuu mmoja mwenye pumu hawezi kulala sebuleni.

Sababu yake haina siri yoyote. Tofali za saruji hunywa maji mengi na kuyaachia polepole mno. Zege la unene wa sentimita 10 linaweza kuhitaji miezi kukauka. Lipu ya saruji na rangi ya mafuta huyafungia maji hayo ndani, nayo yakitafuta njia ya kutoka huibeba chumvi, ambayo katika mchanga wetu wa pwani haikosekani. Nyumba ya babu kule Pangani, ya mawe na chokaa, imeingiwa na maji mara nyingi kuliko ya mama, na haijapata kunuka kuvu, kwa sababu chokaa hupumua. Wazee waliopaka chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani hawakuwa wakipamba tu; chokaa mbichi ni kali, na kuvu haiwezi kuota juu yake. Tulikuwa na elimu hiyo mikononi, tukaiacha kwa ajili ya rangi inayong'aa.

Moto ulikuja kwa njia nyingine. Nyuma ya friji palikuwa na waya wa ekstensheni ulioungwa kwa tepu, unaolisha friji na birika la umeme kwa pamoja. Jirani aliyeona moshi, kijana ambaye ni fundi umeme, alikimbilia meinswichi kwanza, na wengine wakaanza kumwaga mchanga. Kwa kufanya hivyo huenda aliokoa maisha ya watu waliokuja na ndoo za maji. Namba ya zimamoto, 114, ilipigwa na mtu wa tatu, na ningependa ibandikwe nyuma ya mlango wa kila nyumba. Moto ulizimwa baada ya dakika kama 20, ukiwa umekula dari na kuzifikia kenchi za paa.

Hapa pia tulikaribia kurudia yale yale. Fundi aliyeitwa alishauri kenchi zikwanguliwe mkaa, zipakwe oili chafu na kufunikwa kwa dari jipya. Mbao huungua kutoka nje kuingia ndani, kwa chini kidogo ya milimita moja kwa dakika. Kenchi ya inchi mbili kwa nne ikiunguzwa pande zote mbili kwa dakika 20 hubaki na chini ya nusu ya unene wake, ilhali bati zilizo juu yake hazijapungua uzito. Nilimwomba mdogo wangu apande na msumari na nyundo, aikwangue kila moja mpaka afike kwenye mbao nzima, aipime kwa rula na kunitumia picha ya rula, si ya dari. Kenchi sita zilibadilishwa. Waya zote za jikoni zilitolewa, pamoja na zile zilizoonekana nzima, kwa sababu plastiki ya nje hulainika kwa joto na baadaye hupasuka ndani ya ukuta pasipoonekana.

Masizi hatukuyaweza. Dada yangu, kwa bidii na usafi wake, aliyaosha kwa maji na sabuni siku hiyo hiyo, nayo yakazama ndani ya lipu. Masizi hufutwa kwanza makavu, kwa brashi laini au sponji kavu, ndipo maji yafuate. Moshi wa waya za plastiki nao una asidi inayokula chuma. Redio ya mama, ambayo haikuguswa na ule moto, ilikufa baada ya majuma machache, na makomeo ya milango yakashika kutu. Huku Uingereza vyombo vya umeme husafishwa au hutupwa mapema kwa sababu hiyo, wala watu hawasubiri vife vyenyewe.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlioko Muscat, Toronto, London na kwingineko, ombi langu ni kuhusu fedha tunazotuma. Mkipigiwa simu kwamba nyumba imeingiwa na maji, tumeni ya chakula na ya godoro jipya, maana godoro la sponji lililolowa maji ya mtaro halioshwi likafaa tena. Tumeni ya fundi umeme. Fedha za lipu na rangi zizuieni, hata mkilaumiwa kwa ubahili, na mimi nimelaumiwa. Wala msipoteze fedha kununua mashine za kukaushia kama zangu. Baada ya masika tunao upepo wa kusi, na madirisha ya pande mbili yakiachwa wazi mchana, na makabati yakisogezwa mbali na kuta, kazi itafanyika bila kulipia umeme. Hata kile kipimo cha sindano hakifai sana kwetu, kwani chumvi ya ukutani hukidanganya kikasoma unyevu usiokuwepo.

Mwaka huu tumebandua lipu yote ya sebule ya mama, kutoka sakafuni hadi kimo cha dirisha, na tumekubaliana ipigwe ya chokaa. Wageni wanaoingia huona tofali tupu, na wengine hunong'ona kwamba mwanawe aliyeko Ulaya amemtupa. Mama amebandika vipande vya nailoni ukutani kwa gundi pande zote nne, na kila asubuhi hutazama kama vimeshika matone kwa ndani. Vitatu vimekuwa vikavu tangu wiki mbili zilizopita. Cha pembeni mwa mlango wa uani jana bado kilikuwa na unyevu, na mama aliniambia kwa simu kwamba fundi alikuja, akamtengea chai, akamwambia arudi mwezi ujao.